Mwalimu Akichoka Moyo

Walimu wenzangu, wakubwa zangu shikamooni, na wengine habari za asubuhi.

Naomba nianze na daftari. Mwalimu wa darasa la tatu ana watoto 120, wakati kiwango cha serikali yetu ya Tanzania kwa shule ya msingi ni watoto 45 kwa mwalimu 1. Ametoa zoezi la Hisabati. Akitumia dakika 1 kwa kila daftari, saa 2 zimekwisha, na hilo ni somo moja tu. Andalio la kesho bado, na wiki hii ndiye wa zamu.

Tangu ada ilipofutwa hadi kidato cha nne, Januari 2016, watoto waliokuwa wamebaki nyumbani wamekuja shule. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini walimu hatukuongezeka kwa kasi hiyo.

Huo, hata hivyo, ni uchovu wa mwili; ukilala unapungua. Upo wa moyo, ambao usingizi hauumalizi, na mimi nimeuona ukiingilia milango miwili.

Mlango wa kwanza ni daraja, yaani kupandishwa cheo na mshahara. Mwaka huohuo wa 2016 upandishaji vyeo ulisimamishwa kupisha uhakiki wa watumishi, nanyi mnajua tulivyosubiri. Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, aliandika mwaka 1959 na wenzake kwamba mshahara huondoa manung'uniko, ila ari ya kazi huletwa na kutambuliwa na kukua. Kwetu sisi daraja limebeba yote mawili. Likichelewa, mfuko unaumia, na mtu anajiona kama hajulikani.

Mlango wa pili ni kauli, na hapa ndipo ninapoumia zaidi. Mwenzangu mmoja alifokewa na aliyekuja kukagua, kwa ajili ya andalio la somo, mbele ya wanafunzi wake. Dada yule alikuwa akiwafundisha kuhesabu kwa kuimba, tukimsikia mpaka ofisini. Baada ya siku ile aliingia darasani, akajaza ubao, akasema "nakilini", akakaa. Hakukosa kipindi hata kimoja. Kwenye kitabu cha mahudhurio hamna doa. Ila nyimbo hatukuzisikia tena.

Ndugu zangu walimu wakuu, daraja haliko mikononi mwenu. Kauli iko. Ukiwa na neno na mwalimu wako, mwite ofisini, funga mlango, na umpe kiti kwanza.