Pumzi Ihesabiwe Dakika Nzima

Wauguzi wastaafu mlioketi hapa mbele, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi: nimeombwa nizungumzie jinsi kazi yetu ilivyobadilika. Habari za Florence Nightingale na shule yake ya London ya mwaka 1860 mmezifanyia mitihani, naziacha. Nina jambo moja, na wanaonifahamu wamelisikia kwangu mara nyingi. Kila Mei 12, Siku ya Wauguzi Duniani, tunawaalika wastaafu kwenye sherehe, tunawapa zawadi, tunapiga nao picha, halafu wanarudi nyumbani bila mtu kuwauliza kazi walikuwa wanaifanyaje. Wanaondoka na ujuzi ambao wodi zetu zinauhitaji usiku wa leo.

Chukueni upumuaji.

Sista aliyenifundisha wodini, ambaye sasa amestaafu, alikuwa akishika mkono wa mgonjwa kwenye kifundo, saa yake imebanwa kifuani kichwa chini ili aisome kwa kuinamisha macho tu. Anahesabu mapigo. Akimaliza, mkono hauachii. Vidole vinabaki palepale kana kwamba bado anahesabu mapigo, kumbe macho yamehamia kifuani mwa mgonjwa, au tumboni akiwa ni mtoto mchanga. Anahesabu pumzi, dakika nzima. Kwa nini asiuachie mkono? Kwa sababu mtu akijua unamhesabia pumzi, anaanza kuzipangilia mwenyewe, na hesabu imeshaharibika. Na katika dakika hiyo sista anaona mengi zaidi: tundu za pua zinatanuka, nyama za katikati ya mbavu zinaingia ndani, mgonjwa anakata sentensi njiani ili avute hewa. Tena mkono anaoushika una jasho la baridi. Yote hayo ameyapata hajauliza swali hata moja.

Sasa nendeni wodini mfungue chati. Kitanda cha kwanza, pumzi 20. Cha pili, 20. Cha tatu, mwenye nimonia, 20. Cha nne, katoka kupasuliwa jana, naye 20. Jamani! Mnahesabu au mnanakili? Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Akifika 25 kuna jambo, na mara nyingi pumzi hupanda saa kadhaa kabla presha haijashuka. Kile kipimo cha kidoleni hakikuambii hilo. Kinakupa mapigo na kiwango cha oksijeni kwenye damu, basi. Mgonjwa anaweza kusoma asilimia 97 kwa sababu umemwekea oksijeni, au kwa sababu anapumua mara 32 kwa dakika ili aifikishe hiyo 97. Ukisoma namba ukaenda zako, umemwacha mtu anayeishiwa nguvu. Zikimwishia, namba itaporomoka, na hapo ndipo mnaanza kukimbizana kumtafuta daktari wa zamu.

Najua kuna atakayesema mashine siku hizi zinahesabu pumzi zenyewe. Zipo, hasa kwa wagonjwa mahututi. Wodi nyingi za kawaida hazina, na hata zilipo, mgonjwa akijigeuza au akikohoa hesabu huyumba. Na hakuna mashine itakayokuambia kwamba yule aliyekuwa anaongea asubuhi sasa anajibu kwa kutikisa kichwa.

Mwingine atasema nataka turudi zamani. Sitaki, na wastaafu wenyewe hawataki! Waulizeni habari za sindano. Mabomba ya kioo, sindano za kurudiwa: unasuuza, unachemsha, unapitisha ncha kwenye pamba. Ikinasa nyuzi, imeota kijino, inanolewa kwenye jiwe, kisha inamchoma mtu mwingine. Kuchemsha hakuui kila kijidudu, na nani alikuwa na hakika kwamba kila zamu ilichemsha muda unaotakiwa? Wengi wao walisafisha damu kwa mikono mitupu, kwa sababu glavu zilikuwa chache na zikiwekewa chumba cha upasuaji. Ugonjwa wa UKIMWI ulipotambuliwa mwaka 1981 na habari zikaanza kuenea, walipiga hesabu ya kila sindano iliyowahi kuwachoma. Ndiyo maana wanakuwa wakali wakimwona mtu anairudishia sindano kifuniko chake. Wana haki ya kuwa wakali.

Na yapo waliyofundishwa ambayo hayakuwa sahihi, lazima tuyaseme. Walifundishwa kusugua matako ya mgonjwa kwa spiriti ili kuzuia vidonda vya kulalia. Leo tunajua kuisugua ngozi iliyokwisha kuwa nyekundu kunaiumiza zaidi. Lakini ile ratiba ya kumgeuza mgonjwa, yenye saa na sahihi ya aliyemgeuza, iliokoa ngozi za watu, na wodi ninazozitembelea sasa mara nyingi siioni. Tuwasikilize ili tuchambue. Kusifu tu hakumsaidii mgonjwa.

Mtaniambia dakika nzima hamna, wagonjwa ni wengi. Hapo sibishani nanyi. Utafiti uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2014, kutoka hospitali za nchi 9 za Ulaya, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa juu ya mzigo wa muuguzi huambatana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30. Wakubwa wa hospitali mliomo humu, hiyo ni ya kwenu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba palipo na wauguzi wengi wenye shahada vifo hupungua, kwa hiyo nanyi mama zetu, msiwabeze vijana kwamba wamesoma sana.

Nilitaka kugusa ripoti za kukabidhiana zamu, na ile enzi ya muuguzi kusimama daktari akiingia, lakini mwenyekiti ananionyesha muda. Ombi langu ni hili: kila wodi ya kufundishia iwe na muuguzi mstaafu asubuhi mbili kwa wiki, asimame kitandani na wanafunzi, na alipwe. Msiwaombe wajitolee. Waanze na pumzi. Maswali yenu ya sasa hivi waulizeni wao hapa mbele, mimi nakaa.