Mwanga Usio na Kivuli: Lucy, Desi na Mzee wa Kamera

MPWA: Shikamoo, shangazi.

SHANGAZI: Marahaba, mwanangu. Umelala?

MPWA: Nimelala saa nane usiku, na wewe ndiye sababu. Karibuni wasikilizaji. Wiki iliyopita shangazi alinipa kazi ya nyumbani: nitazame kipindi kimoja cha *I Love Lucy*, vichekesho vya televisheni vya Marekani vya miaka ya 1950 ambamo Lucille Ball anaigiza Lucy; kile cha kiwanda cha peremende. Kimoja tu, alisema. Nikatazama saba.

SHANGAZI: Ulianza na kile nilichokwambia?

MPWA: Nilianza nacho, na nimekirudia mara tatu. Kwa ambaye hajakiona: Lucy na jirani yake Ethel wamebishana na waume zao nani anafanya kazi ngumu, wa nyumbani au wa nje. Basi wanabadilishana. Wanaume wanabaki kupika na kupiga pasi, wanawake wanakwenda kutafuta ajira. Wanapata kiwandani. Huko wanasimamishwa mbele ya ukanda unaotembea, chokoleti zinakuja moja moja, wao wazifunge kwenye karatasi. Msimamizi anawaambia ikipita hata moja bila kufungwa, hakuna kazi.

SHANGAZI: Na mwanzoni wanaziweza.

MPWA: Wanaziweza kabisa! Hapo ndipo raha ilipo. Ukanda unakwenda taratibu, Lucy anajisifu kuwa kazi yenyewe rahisi. Kisha unaongeza mwendo. Wanaanza kuzitia mdomoni, kwenye kofia, kifuani ndani ya nguo. Msimamizi anarudi, anaona ukanda mtupu, anafurahi, anaamuru mwendo uongezwe. Nilicheka mpaka mama akaja kugonga mlango.

SHANGAZI: Kilionyeshwa tarehe 15 Septemba 1952. Mama yako hajazaliwa, mimi sijazaliwa. Sasa nikuulize. Mara ya tatu ulipokitazama, uliitazama sakafu?

MPWA: Sakafu? Hapana. Nani atazame sakafu wakati Lucille Ball ana chokoleti sita mdomoni?

SHANGAZI: Kakitazame tena. Tafuta vivuli, sakafuni na ukutani nyuma yao. Utavikosa, au utakuta vyepesi mno. Mimi nimepiga video za harusi Tanga miaka kumi na mitano, kamera begani, na taa moja anaishika kijana nyuma yangu. Kivuli nakijua. Bibi harusi akigeuka kidogo, kivuli cha shungi kinamla nusu ya uso. Kwa hiyo nikiona chumba kizima hakina kivuli, watu watatu wanazunguka, wanachuchumaa, wanakimbilia mlangoni, na kila uso unaonekana, siwezi kucheka kwanza. Nauliza taa kaweka nani.

MPWA: Na kaweka nani?

SHANGAZI: Karl Freund. Na hapo ndipo mambo yanapokuwa matamu, kwa sababu yule mzee alikuwa bwana wa giza. Alizaliwa mwaka 1890 Bohemia, akakulia kazini Ujerumani enzi za filamu zisizo na sauti. Mwaka 1924 alipiga picha za *Der letzte Mann*, filamu ya F. W. Murnau. Wakati ule kamera ilikaa kwenye miguu yake mitatu, basi, waigizaji ndio wanaoifuata. Freund akaifunga kifuani mwake akatembea nayo. Picha ya kwanza ya filamu ile inashuka na lifti ya hoteli, inatoka, inapita ukumbini. Aliibeba juu ya baiskeli.

MPWA: Ndani ya lifti, juu ya baiskeli?

SHANGAZI: Naam. Kisha *Metropolis* ya mwaka 1927, naye yumo katika waliopiga picha. Akahamia Marekani, na mwaka 1931 akapiga *Dracula*, ile ya mwigizaji Bela Lugosi. Yale macho ya Lugosi yanayong'aa ndani ya giza ni taa ndogo iliyobanwa ikatoa mstari mwembamba wa mwanga, ukalenga macho peke yake. Uso mwingine wote umeachwa kwenye utusitusi. Mwaka uliofuata akaongoza mwenyewe *The Mummy*. Akapata Oscar kwa upigaji picha wa *The Good Earth*. Huyo ndiye mtu aliyefuatwa mwaka 1951, umri umeshapita miaka sitini, akaambiwa njoo utupigie vichekesho vya mke na mume sebuleni.

MPWA: Mimi ningekasirika.

SHANGAZI: Yeye alipewa fumbo, na hakuna kitu fundi anachokipenda kama fumbo. Sikiliza fumbo lenyewe. Kwenye filamu za Hollywood walitumia kwa kawaida kamera moja. Unapiga picha ya mbali, unasimama, unahamisha taa, unapiga uso wa huyu, unasimama, unahamisha taa, unapiga uso wa yule. Siku nzima kwa ukurasa mmoja au miwili. Lakini Lucille Ball alikuwa mtu wa hadhira. Bila watu wanaocheka mbele yake alipwaya, na wote waliofanya naye kazi redioni walilijua hilo. Kwa hiyo ilibidi mchezo uchezwe mfululizo, kama jukwaani, mbele ya watu wapatao mia tatu, na kamera tatu za filamu ya milimita 35 zikizunguka kwa pamoja. Ya katikati inachukua chumba kizima, mbili za pembeni zinachukua nyuso. Sasa weka taa. Ukimwangazia huyu vizuri kwa kamera ya kushoto, ya kulia inamwona ana kivuli cha pua mpaka shavuni. Na huwezi kusimamisha.

MPWA: Kwa hiyo akazipandisha taa juu.

SHANGAZI: Akazining'iniza juu, nyingi, zimepangwa zimwage mwanga sawasawa kila mahali, sakafu ibaki wazi kamera zipite. Halafu akaona weupe na weusi vinapigana sana kwenye televisheni za wakati ule, akataka kuta na vitu vya seti vipakwe rangi za kijivu za viwango mbalimbali. Yaani alichokuwa akikifanya kwa taa, sasa anakifanya kwa brashi ya rangi. Yule wa macho ya Dracula. Kila nikikaa mbele ya Lucy namwona mzee yule amesimama pembeni.

MPWA: Lakini shangazi, kwa nini filamu? Televisheni si walikuwa wanarusha moja kwa moja?

SHANGAZI: Ndiyo, na kutokea New York. Mdhamini, kampuni ya sigara ya Philip Morris, alitaka hivyo hivyo. Watazamaji wengi walikuwa mashariki. Waliobaki magharibi walikuwa wakiletewa kineskopu: unaiweka kamera ya filamu mbele ya skrini ya televisheni, unapiga picha ya picha. Umewahi kukutana na kitu hicho, inatoka ukungu, nyuso kama zimeloweshwa. Lucille na mumewe Desi Arnaz walikataa kuhamia New York. Wamenunua nyumba California, mtoto wa kwanza amezaliwa mwezi Julai mwaka huohuo wa 1951. Wakasema tutapiga kwenye filamu, hapahapa Hollywood, na watu wote wa nchi wataona picha safi ileile. CBS, kituo cha televisheni, wakalia gharama. Basi wakakubaliana wao wapunguze mshahara wao wa kila wiki, na badala yake zile filamu ziwe mali yao.

MPWA: Mali yao kabisa?

SHANGAZI: Kabisa. Kwa wakubwa wa kituo, kipindi kilichokwisha kuonyeshwa kilikuwa kama gazeti la jana. Nani atalinunua tena?

MPWA: Gazeti la jana tunafungia vitumbua.

SHANGAZI: Ndivyo walivyovifanya vipindi vingi vya miaka ile, mwanangu, na inaniuma. Kanda zilifutwa zitumike upya. BBC wenyewe walifuta vipindi vya *Doctor Who*, mpaka leo watu wanavitafuta kwenye maghala ya nchi za mbali. Hata filamu za sinema hazikupona. Maktaba ya Bunge ya Marekani ilitoa ripoti mwaka 2013: katika filamu ndefu za Kimarekani zisizo na sauti, kama asilimia 70 zimepotea, hazipo popote. Na mimi sina haja ya kwenda Marekani. Harusi ya kaka yangu mkubwa niliipiga mwenyewe. Marehemu bibi yetu alisimama akatoa mawaidha, dakika kumi nzima, na akamwimbia bwana harusi. Sauti ya bibi ilikuwa kwenye kanda ile tu. Mtu wa nyumbani akarekodi mpira juu yake.

MPWA: Sikulijua hilo.

SHANGAZI: Kipande cha mwisho kimebaki. Bibi anakaa, anarekebisha kanga, basi, unaingia uwanja wa mpira. Ndiyo maana nikiona Lucy anatafuna ile chokoleti, na picha ni safi kana kwamba imepigwa jana, moyo wangu unamshukuru Desi.

MPWA: Tumzungumzie Desi. Kwenye kipindi nilidhani ni mume wa kufokafoka tu kwa Kihispania.

SHANGAZI: Wengi walidhani hivyo. Mzaliwa wa Santiago de Cuba, mpiga konga, kiongozi wa bendi. CBS walipotaka kumtoa Lucille redioni kumpeleka kwenye televisheni, yeye alisema mume wa kipindini awe mume wangu wa ndoa. Wakasita: watazamaji hawatakubali Mmarekani mwenye nywele nyekundu ana mume Mkyuba mwenye lafudhi. Na hawa walikuwa wameoana tangu 1940! Basi mwaka 1950 wakazunguka majukwaani na onyesho lao wenyewe, watu waamue. Watu wakaamua. Baadaye Desi ndiye aliyeshika biashara ya Desilu, kampuni yao wawili, na ndiye aliyewaunganisha Freund, waandishi na wahariri. Hata mashine ya kuhariri kamera tatu kwa pamoja walilazimika kuitengeneza, wakaibatiza zimwi la vichwa vitatu.

MPWA: Nilitazama pia vile vya ujauzito. Kile cha Lucy kutaka kumwambia mumewe na kila mara anakatizwa, mwishowe anampelekea ujumbe klabu anakoimba.

SHANGAZI: Ulilia?

MPWA: Nilikaribia. Desi anazunguka meza kwa meza akitafuta nani mwenye mtoto, halafu anaelewa. Uso ule si wa kuigiza.

SHANGAZI: Lucille alikuwa mjamzito kweli. Na kituo kilikataza neno la Kiingereza la ujauzito lisitamkwe hewani. Hilo silicheki, kwetu nako huwezi kusimama mbele ya wakwe ukasema mimba. Walimwita kasisi, mchungaji na rabi wazisome hati kabla. Tarehe 19 Januari 1953 Lucy akajifungua kipindini, na siku hiyohiyo Lucille akajifungua hospitalini, mtoto wa kiume. Watazamaji wakakadiriwa milioni 44. Kesho yake Eisenhower akaapishwa urais wa Marekani, na watazamaji wake hawakufikia idadi hiyo.

MPWA: Na alipokuwa likizo ya uzazi?

SHANGAZI: Hapo ndipo mkataba ule ulipoanza kujibu. Walirudia vipindi vya zamani, na watu wakavitazama tena. Marudio yalikuwa na soko! Mwishoni mwa mwaka 1957 Desilu ikanunua studio za RKO kwa zaidi ya dola milioni 6. RKO, mwanangu. Ndiko Lucille alikokuwa mwigizaji wa mkataba miaka ya 30, anapewa sehemu ndogondogo. Ndiko alikokutana na Desi.

MPWA: Lakini kuna vitu vilinikera, niviseme. Kuna kipindi Ricky, yaani yule mume anayeigizwa na Desi, anamlaza Lucy magotini anamchapa kama mtoto, na watu wanacheka. Nilizima kidogo.

SHANGAZI: Ulifanya vizuri. Mimi sikitetei. Nikifika pale sicheki. Na ndoa yao yenyewe haikuwa ile ya kipindini, walitalikiana mwaka 1960. Mwaka 1962 Lucille alinunua hisa za Desi, akawa mkuu wa studio, mwanamke, Hollywood ya wakati ule. Na kutoka studio hiyo, mwaka 1966, ikatoka nini?

MPWA: *Star Trek*, kile kipindi cha safari za angani!

SHANGAZI: Na ndani yake nani?

MPWA: Luteni Uhura. Uhuru wetu, herufi ya mwisho imebadilishwa.

SHANGAZI: Aliyemwigiza ni Nichelle Nichols. Na msimu wa pili, mwaka 1967, kuna kipindi Uhura anafutwa kumbukumbu, anafundishwa kusoma upya, na akikwama kwenye Kiingereza anatoka na Kiswahili. Niliiona kwenye kanda ya kukodi, peke yangu sebuleni, nikasimama. Sikuwa najua bado kwamba pesa za kipindi kile zilianzia kwenye Lucy.

MPWA: Sasa msikilizaji ambaye hajaona chochote cha nyeusi na nyeupe aanzie wapi?

SHANGAZI: Aanze na kiwanda cha peremende. Halafu usiku, taa zimezimwa, atazame *Dracula*. Kwa mpangilio huo, asigeuze. Na kile cha kiwandani mara ya pili azime sauti kabisa amwangalie Vivian Vance, yaani Ethel. Kila mtu anamwangalia Lucy. Ethel ndiye anayeshika mwendo, mikono yake haikosei karatasi hata moja mpaka pale anapotakiwa akosee.

MPWA: Ninayo hapa kwenye simu.

SHANGAZI: Sogeza karibu, miwani sinayo. Haya, zima sauti. Mwangalie mkono wa kushoto.