Makonyo ndani ya karafuu: kuisaka nyutrino tasa kwa tritiamu

Assalaam alaykum. Sitoanza na maana ya nyutrino, ile chembe nyepesi mno isiyo na chaji, hayo mmeshasoma. Nyutrino tasa ni ndugu yake anayedhaniwa tu kuwepo, asiyeonekana moja kwa moja. Na makonyo ni vile vikonyo vya karafuu, takataka ndani ya gunia.

Tritiamu, hidrojeni yenye mionzi, ikioza, elektroni na nyutrino hugawana nishati ya kiloelektronivolti 18.6 hivi. Ikiwa mara chache anayechukua fungu ni nyutrino tasa nzito, fungu la elektroni hupungua kwa kiasi cha uzito huo, na mchoro wa nishati hukunjika. Uzito ukiwa kiloelektronivolti 17 (nitasema "kilo" kwa ufupi, si kilo za mizani), kikunjo kitakaa kwenye kilo 1.6.

Hapa ndipo ninaposimama kila mara, na leo nasimama tena. Mwaka 1985, nchini Kanada, John Simpson alipandikiza tritiamu ndani ya kristali ya silikoni, akaona kikunjo cha namna hiyo hasa. Baadaye kikaonekana hata kwa salfa-35, salfa yenye mionzi, kana kwamba karibu asilimia 1 ya kuoza kwake kunatoa nyutrino nzito. Wenye spektromita za sumaku, vyombo vinavyopima nishati ya elektroni kwa kuzipinda, hawakukiona. Miaka minane ya ubishi! Katika vipimo vya salfa, elektroni zilikuwa zikigonga kingo za tundu zilimopita, zikafika kwenye kigunduzi zimeshapungukiwa na nishati, kikazuka kikunjo cha uongo.

Kuna atakayesema: wangehesabu elektroni nyingi zaidi. Hapana, nakwambieni hapana! Mizani iliyopinda, ukipimia magunia elfu, itakudanganya mara elfu.

Nendeni Wete, kule Pemba. Mnunuzi akidai mkono wake unayajua makonyo, mchanganyie kilo moja ndani ya gunia la karafuu, usimwambie. Asipoyaona, basi akisema gunia jengine ni safi, msimsikilize. Maabara ya Argonne, Marekani, walifanya hivyo hivyo. Nishati ya elektroni za salfa-35 inaishia kilo 167, za kaboni-14 inaishia 156. Wakatia kaboni kidogo ndani ya salfa, kikazuka kikunjo cha makusudi, na kigunduzi kikakiona. Cha kilo 17 hakikuwepo. Hiyo ni 1993, na ubishi ukazimika.

Sasa KATRIN, jaribio la kupima nyutrino kwa tritiamu, Karlsruhe, Ujerumani. Spektromita ya mita 23, kipenyo mita 10. Matokeo ya 2025: elektroni milioni 36, siku 259, na nyutrino tasa ya elektronivolti chache haikuonekana. Kwa uzito wa kilo kadhaa kuna TRISTAN, kigunduzi kipya cha KATRIN, chenye vijigunduzi vya silikoni zaidi ya 1000, kila kimoja milimita 3. Lengo ni kuiona nyutrino tasa hata ikitoka mara moja tu katika kuoza milioni, yaani ukali mara elfu kumi kuliko ule wa asilimia 1. Basi kila kosa dogo linakuwa kubwa: elektroni hudunda juu ya silikoni ikaacha sehemu tu ya nishati, chaji hugawika baina ya vijigunduzi jirani, elektroni mbili huingia pamoja zikahesabiwa moja, tabaka mfu la juu, lisilopima kitu, hula nishati. Kriptoni-83m, gesi yenye mionzi inayotoa elektroni za kilo 17.8 kamili, itakuonyesheni kigunduzi kinajibu vipi kwenye nishati hiyo, si kwingine kote.

Ukuta wa nyuma wa chanzo cha tritiamu, ambako elektroni hudunda zikarudi, unataka saa nzima, na adhana ya alasiri imekaribia. Maswali.