Mapafu ya chupa: jinsi hewa inavyoingia kifuani

Anza na bomba la sindano la mililita 20, lisilo na sindano. Vuta hadi 10, ziba tundu kwa kidole, halafu endelea kuvuta hadi 20. Unasikia linavyokuwa zito? Hewa ni ileile, nafasi imekuwa maradufu, kwa hiyo kanieneo, yaani presha, imeshuka nusu. Ukiachia, pistoni inarudi yenyewe. Robert Boyle alichapisha kanuni hiyo mwaka 1662.

Sasa tutengeneze kifua. Chukua chupa ya lita 1.5 iliyo ngumu, kama ya soda. Zile laini za maji hubonyea ndani unapovuta na jaribio linafia hapo. Kata kitako, ukingo uwe sawa. Toboa kifuniko kwa msumari wa moto, tundu libane mrija.

Puliza puto dogo mara tatu nne lilainike. Ingiza mrija ndani yake sentimita 2, funga kwa uzi bila kuuminya mrija. Upitishe kwenye kifuniko, puto likae ndani ya chupa, kisha ziba pembeni kwa plastisini. Bigijii iliyotafunwa nayo inafaa. Wengi hukwama hapa: ukiacha upenyo, hewa inapita huko na puto halitikisiki.

Puto la pili lifunge fundo shingoni, likate nusu, nusu yenye fundo ivute ifunike kitako, fundo likiwa nje. Zungushia selotepu. Hicho ni kiwambo, mfano wa msuli mpana ulio chini ya mapafu.

Vuta fundo sentimita 2 au 3. Tazama: puto la ndani linatuna, na hakuna anayelipuliza! Nafasi ndani ya chupa imeongezeka, presha imeshuka, hewa ya nje ikajisukuma kupitia mrija. Rudisha fundo juu, linanywea.

Mwilini kiwambo hushuka na mbavu huinuka. Hilo la mbavu chupa yetu hailiwezi. Pumzi ya kawaida ni kama nusu lita, na presha ya mapafuni hushuka takriban milimita 1 tu ya zebaki (kipimo cha presha) kutoka 760 za usawa wa bahari.

Mwisho, toboa ubavu wa chupa kwa msumari, vuta tena. Puto limelala, kwa sababu hewa inaingilia tunduni. Ndiyo maana jeraha lililopenya ukuta wa kifua linaweza kulifanya pafu linywee hata kama lenyewe halijatoboka. Ziba tundu kwa kidole, vuta: linatuna.