Mkanda Haukutani

Mhadhara kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii na wenye maduka ya dawa muhimu, Tukuyu, wilaya ya Rungwe

Ugonile! Ndaga, kaeni. Mvua ikianza kupiga bati hili hakuna atakayenisikia, kwa hiyo salamu nyingine tutamalizia kwenye chai.

Kamba hii niliyoiweka mezani ni ya mgomba, ya kawaida tu, kama mnayofungia kuni. Nilipewa na mhudumu wa afya, mwenzenu, miaka kadhaa iliyopita. Ameniruhusu nisimulie habari zake mradi nisitaje kijiji. Kila nikialikwa naibeba, na waliowahi kunisikia wananiita Daktari Kamba. Sioni haya.

Baba mkwe wake alianza kuungua ubavuni, upande wa kulia. Alisema ni kama amemwagiwa uji wa moto, na ukitazama ngozi haina kitu. Wakasema kichomi. Wakamkanda kwa maji moto. Siku ya tatu yakatoka malengelenge, kwanza karibu na uti wa mgongo, kisha yakafuata ubavu kuja mbele. Hapo hakuna aliyemsubiri daktari ataje jina. Mkanda wa jeshi.

Na mnajua kinachosemwa vijijini, na Mbeya mjini wanakisema hata wenye digrii: ncha mbili za mkanda zikikutana, mgonjwa anakufa. Basi kila alfajiri kaka wawili wa mzee wanaingia na kamba hii. Wanaipitisha kutoka mgongoni hadi kifuani, wanapiga fundo pale upele ulipoishia, wanalinganisha na fundo la jana. Mafundo yako manne, nitaizungusha muyaone. Kutoka la kwanza hadi la pili ni vidole vitatu. La pili hadi la tatu, vidole viwili. La tatu na la nne yameshikana, hupitishi hata ukucha. Mkanda ulikuwa umeshasimama wenyewe na wale wazee walikuwa wanapima huku wanapanga mazishi.

Mwenzenu yuko chumba cha pili anasikia yote. Mafunzo anayo, kitini anacho mkobani. Lakini ni mkwe, na mila haimruhusu kumkaribia baba mkwe. Wanyakyusa sina la kuwaeleza hapo, na wageni wamuulize aliyekaa pembeni. Hawezi kuingia akamfunua mzee shati. Akamtuma mtoto wake wa miaka sita: "Kamwangalie babu, upele umevuka mfupa wa katikati ya kifua?" Mtoto akaenda, akarudi. "Umeishia kwenye mfupa." "Upande wa pili je?" "Upande wa pili hakuna kitu, ni babu tu." (Kicheko.)

Chekeni, lakini mtoto yule alitoa taarifa ya kitabibu kuliko barua nyingi za rufaa nilizowahi kusoma. Upande mmoja, umeishia katikati. Hiyo ndiyo alama ya ugonjwa wenyewe. Mishipa ya fahamu ya kifuani inatoka kwenye uti wa mgongo kwa jozi, mmoja unakwenda kulia na mwenzake kushoto, na kila mmoja unahudumia ukanda wake wa ngozi hadi katikati, basi. Kirusi kimetoka kwenye fundo la mshipa mmoja, la kulia. Kitawezaje kuvuka kwenda kwa wa kushoto wakati mishipa yenyewe haivuki? Mkanda haukutani kwa sababu njia yake inaishia hapo. Na ukimwona mtu ambaye umemtoka pande zote mbili, au malengelenge yametapakaa mwilini mbali na ukanda ule, hauui kwa kukutana. Unakuambia kinga yake imeshuka sana, na huyo anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Nimekaa sana hapa, najua. Lakini kamba haijaisha.

Wazee wakatafuta aliyeutuma. Kulikuwa na ugomvi wa mpaka wa migomba na jirani, kwa hiyo jibu lilikuwa tayari kabla ya swali. Na kama wiki mbili baadaye yule mtoto mjumbe, aliyekuwa akilala na babu yake, akatokwa na tetekuwanga. Mnaona? Uchawi umehama, umeingia kwa mjukuu!

Wiki mbili. Tetekuwanga huchukua siku 10 hadi 21 tangu kuambukizwa hadi kutoka. Mtoto aligusa maji ya malengelenge ya babu, na hakuwahi kuugua tetekuwanga, ikamtoka. Ni kirusi kile kile. Kwa mtoto kinaitwa tetekuwanga, kwa babu kinaitwa mkanda. Daktari mmoja wa Budapest, von Bókay, aliliona hilo mwishoni mwa karne ya 19: nyumba yenye mtu mzima mwenye mkanda, watoto wanafuatia na tetekuwanga. Na anayeshika mkanda wa mwenzake hapati mkanda. Akipata kitu, atapata tetekuwanga, tena kama hajawahi kuiugua.

Sasa babu naye aliupata wapi? Hapa ndipo watu hunikatalia. Hakuupata popote wiki ile. Alikuwa nao tangu utoto. Mwingereza mmoja, Edgar Hope-Simpson, daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, hakuwa profesa, aliwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka 16. Akaenda pia kwenye kisiwa cha Yell huko Shetland, mahali watu ni wachache na kila mmoja anajua nani kamtembelea nani, sawa na kijiji chenu. Mwaka 1965 akaandika kwamba mkanda ni tetekuwanga ya zamani iliyoamka ndani ya mtu mwenyewe. Kwa hiyo mzee wetu aliyemloga ni kuugua kwake tetekuwanga, pengine kabla hata Tanganyika haijapata uhuru, na jirani mwenye migomba wakati huo alikuwa naye ni mtoto.

Mtaniuliza kinakaaje miaka yote hiyo mwili usikione. Wa huku ni wakulima wa viazi, nitawajibu kwa viazi. Kiazi mbegu ukikiweka ghalani hakioti, hakiozi, hakifanyi lolote la kuonekana, lakini ni kizima. Kirusi kinapomaliza fujo zake kwenye ngozi kinapanda na mshipa wa fahamu. Hakina miguu. Ndani ya mshipa kuna reli, na kuna protini za mwili wenyewe ambazo kazi yake ni kuburuta mizigo kwenye reli hizo, nacho kinadandia. Kikifika kwenye fundo la neva, pembeni mwa uti wa mgongo, kinamimina vinasaba vyake ndani ya kiini cha seli, navyo vinajikunja duara na kutulia. Hakitengenezi tena virusi vipya. Askari wa kinga wanakagua seli kwa kuangalia kilichobandikwa mlangoni, na kirusi kilichotulia hakibandiki karibu chochote. Tena kimechagua nyumba vizuri: seli za ngozi zinakufa na kubadilishwa kila mara, seli ya neva unazeeka nayo.

Askari hawajalala kabisa, wanazunguka hapo. Umri ukipita 50 wanapungua nguvu. VVU vinawamaliza. Dawa za saratani vilevile. Ndipo kiazi kinapochipua, na chipukizi linashuka na mshipa ule ule hadi kwenye ngozi. Maumivu yanatangulia upele kwa sababu mshipa unaungua kabla ngozi haijafikiwa.

Yule mama pale nyuma anatikisa kichwa. Najua unachosema, mama: mkanda ni ukimwi. Hapana, ngoja. Hilo lilianza miaka ya themanini na tisini, na lilikuwa na msingi, kijana akitokwa na mkanda ilikuwa dalili ya kutazamwa. Katika utafiti wa kitaifa wa 2022/2023 Njombe ilikuwa na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, wakati taifa zima ni asilimia 4.4, kwa hiyo siwezi kusimama mbele ya watu wa Nyanda za Juu Kusini nikasema msipime. Kila mwenye mkanda ambaye hajui hali yake, apime. Lakini kipimo ndicho kitakachosema. Ubavu hausemi. Nimeona mwanamke wa miaka sabini na mbili akitengewa sahani na kikombe chake kwa sababu ya malengelenge tisa mgongoni, na alipopimwa hana kitu. Alikuwa na miaka sabini na mbili, basi.

Na maneno haya haya ya "nani kakuletea" yanavunja ndoa kwenye herpesi ya sehemu za siri. Huyo ni binamu yake, anakaa kwenye mafundo ya neva chini kiunoni, na ndugu yake wa mdomoni, yule mnayemwita homa imetokea mdomoni, anakaa kwenye fundo lililo ndani ya kichwa karibu na sikio. Wengi wenye herpesi hawajui kama wanayo. Mtu anaweza kuibeba miaka, hana hata kidonda, siku moja inatoka. Mume anarudi kutoka Tunduma na mzigo wake, anakuta mke ana vidonda, anafungua kesi ya wiki mbili zilizopita kwa jambo ambalo huenda ni la kabla hawajajuana. Sisemi hakuna aliyekosea. Nasema kidonda cha leo hakina tarehe, na wewe mhudumu usijifanye hakimu. Mwambie tu: vidonda hivyo vinarahisisha VVU kuingia, apime, watumie kondomu, na akiwa mjamzito amwambie mkunga, maana mtoto anaweza kuambukizwa wakati wa kuzaliwa.

Muda. Virusi vya familia hii ya herpesi vinavyotusumbua binadamu ni tisa na mimi nimemaliza saa kwa vitatu. Nachukua kimoja cha haraka kwa sababu kinatuhusu kwa jiografia. Kirusi cha Epstein-Barr kinapita kwa mate, watoto wetu karibu wote wanakipata wadogo, kinajificha kwenye seli nyeupe za damu na wengi hakiwafanyi kitu. Mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, aliwaona watoto wenye uvimbe wa taya, na mwaka 1961 akaendesha gari na wenzake wawili, safari ya kilomita kama 16,000 kuelekea kusini mwa Afrika, akiuliza kila hospitali kama wanauona. Akakuta kwenye nyanda za juu zenye baridi haupo. Karibu na ikweta ulikoma kwenye mwinuko wa kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Siku isiyo na ukungu simameni hapa Tukuyu mtazame Ziwa Nyasa kule chini, liko chini ya mita 500. Mate ya Kyela, kule kando ya ziwa, na mate ya Tukuyu yana kirusi kile kile. Kinachotofautiana ni mbu. Malaria ya kila mara ikikaa pamoja na kirusi hiki ndipo saratani inapopata nafasi. Kirusi chenyewe kilionekana London mwaka 1964, kwenye seli zilizotumwa kutoka Uganda. Kwenu ninyi wa kule chini: mtoto ana taya limevimba, meno yanalegea, usimpeleke kung'olewa jino. Rufaa. Uvimbe ule unakua kwa siku, na dawa unazisikia ukiwahiwa.

Cha Kaposi, madoa meusi ya ngozi na mdomoni, mnakijua, kiligunduliwa 1994, ARV kwanza. Sitomegalo, kirusi kingine cha familia hii, nairuka, waandaaji wananionyesha saa.

Swali moja tu. Ndiyo, kaka wa duka la dawa.

Anauliza kuhusu asiklova, dawa ya mkanda. Ahsante, ndilo nililotaka. Dawa hii haikigusi kirusi kilicholala. Inawashwa na kimeng'enya cha kirusi chenyewe, na kimeng'enya hicho kinatengenezwa kirusi kikiwa kazini tu. Ndiyo maana haikiondoi kwenye fundo la neva, na ndiyo maana tunakimbizana na saa 72 tangu upele utokee, kabla hakijauharibu mshipa. Wazee wasiowahi hubaki na maumivu miezi, hata shati likigusa analia. GV, majivu, dawa ya mswaki, vyote vinapaka ngozi wakati moto uko ndani. Na malengelenge yakiwa usoni, angalia ncha ya pua: yakifika hapo, jicho liko hatarini, usisubiri kesho.

Dozi ya mtu mzima kwa mkanda ni miligramu 800, mara tano kwa siku, siku saba, na maji mengi. Mwenye figo mbovu daktari anapunguza. Vidonge vyenu vingi ni vya 200. Pigeni hesabu: vinne, mara tano, mara saba. Mia moja na arobaini. Kaka, wewe mtu akija na mkanda unamuuzia vingapi?

Kumi.

Haya, nipe kamba yangu, tukanywe chai, na wewe kaa karibu na mimi.