La Saba Kutoka Mbuyuni

MWANAHAWA: Assalaam alaykum wasikilizaji wetu. Ni Mwanahawa hapa, Tanga mjini, niko na ndugu yangu Hemedi.

HEMEDI: Waalaykum salaam. Leo da Mwana ameingia na daftari, na tangu aketi hajaliachia.

MWANAHAWA: Ndani ya daftari hili mna mavani ya kijijini kwetu, Hemedi. Mwezi wa Shaaban, siku chache kabla ya mfungo, nilikwenda nyumbani, njia hii ya Pangani, si mbali na Tongoni. Unajua kabla ya Ramadhani watu hufyeka makaburi, hufagia, husoma dua. Bibi yangu, mdogo wake bibi mzaa mama, akasema, "Nishike mkono, nikawaone wanangu." Mimi nilijua wanawe ni wajomba zangu wawili walioko Muheza. Nikamuuliza, bibi, wanao gani? Akasema, "Walio mavani."

HEMEDI: Hukuwa unajua?

MWANAHAWA: Miaka yote hii. Tukafika, akasimama kwenye mbuyu, akaegemea fimbo, akaanza kuhesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Alipofika la saba akasema, "Huyu." La nane, "Na huyu." Halafu akaruka moja, si lake, akasema, "Na huyu." Mimi nilikuwa naona majani tu.

HEMEDI: Hapakuwa na jiwe?

MWANAHAWA: Watu wengi kijijini huwekewa mawe mawili, kichwani na miguuni, basi. Hakuna maandishi. Kaburi la mtoto hata mawe wakati mwingine halipati, na tuta lake ni dogo, mvua mbili za masika zinalisawazisha. Halafu viunza, zile mbao zinazomfunika maiti, vikioza, udongo unadidimia. Kwa hiyo ukitaka kulijua kaburi la mtoto la zamani, usitafute mwinuko, tafuta bonyeo. Bibi ndiye aliyenifundisha. Akanishika mkono nipapase. Kweli, chini ya majani pana kama sahani, imelala mashariki kwa magharibi, kwa sababu kibla huku iko kaskazini na maiti analazwa ubavu wa kulia akiielekea.

HEMEDI: Na pale Tongoni, mwendo mfupi tu, wakubwa wa karne ya 14 na 15 wana makaburi ya nguzo, ya matumbawe na chokaa. Mpaka leo watu wanakwenda kuyatazama.

MWANAHAWA: Nayapenda yale, nimekua nikiyaona. Lakini siku ile nilipita pale na moyo wangu haukuwa kwa wale wakubwa.

HEMEDI: Watoto wa bibi walikufa na nini?

MWANAHAWA: Wawili surua. Wiki moja. Mimi nilidhani surua ni vipele na homa, mtoto anawekwa ndani mpaka vipungue. Bibi anasema vipele vilikuwa vimeshaanza kukauka, watu wakamwambia shukuru, wamepona. Kisha kifua kikawabana, na kuharisha. Ndivyo surua inavyoua mara nyingi, si kwa vipele, ni nimonia na kuharisha kunakofuata, hasa kwa mtoto ambaye hakushiba. Na ulikuwa mwaka wa unga wa yanga, yale mahindi ya manjano ya msaada. Mpango wa taifa wa chanjo ulianza 1975. Kijijini kwake sindano ilifika wale wawili wameshalala.

HEMEDI: Innalillahi. Lakini da Mwana, mama huyu alijuaje ni la saba? Kwetu pwani wanawake hawafuati jeneza.

MWANAHAWA: Hapo ndipo nilipokaa chini, wallahi. Nilimuuliza swali hilohilo. Akasema, "Sikuwepo. Walimtoa mlangoni amefungwa sanda, mdogo, kaka yangu amembeba mikononi. Nikabaki ndani na wanawake." Kaka yake ndiye aliyechimba. Jioni aliporudi na udongo miguuni, bibi akamuuliza jambo moja tu: wapi? Kaka akamwambia, kutoka mbuyuni, la saba. Bibi alipoingia kwenye mavani yale mara ya kwanza, miezi imepita, alikwenda moja kwa moja bila kuonyeshwa na mtu. Na namba ile ameitunza kichwani zaidi ya miaka arobaini.

HEMEDI: Kaka naye?

MWANAHAWA: Amekufa zamani. Amezikwa palepale, upande wa mikoche.

HEMEDI: Na bibi hakuwahi kuwaambia nyinyi?

MWANAHAWA: Alikatazwa kulia, Hemedi. Kwa mapenzi, lakini alikatazwa. Wanawake waliokaa naye matanga walimwambia, hawa ni malaika, ni akiba yako ya akhera, usimlilie malaika. Mimi imani hiyo ninayo, naishikilia. Ila naona tuliifanya kuwa kifuniko. Mtu mzima akifa tunahesabu siku tatu, tunasoma hitima, arobaini inafika. Kichanga akifa, kesho yake mama anatwanga.

HEMEDI: Kwetu ni tofauti kidogo. Babu yangu mzaa baba alikuja Tanga kutoka Kigoma, manamba, kukata mkonge. Alizikwa pembeni ya shamba, kwenye mstari wa wenzake. Baba alikuwa bado ananyonya. Kule Kigoma walimngoja. Sijui kama kuna msiba mgumu kuliko wa kungoja. Habari iliwafikia kwa mtu aliyerudi, na hata huyo hakumwona akizikwa, alisikia tu. Wakalia bila kaburi.

MWANAHAWA: Uliwahi kulitafuta?

HEMEDI: Mara mbili. Ule upande ulishalimwa tena. Kitu kinachoniuma ni hiki: shuleni hapa Tanga tulifundishwa kwamba mkonge uliletwa 1893 na Mjerumani, Richard Hindorf, miche 1,000 ikatumwa na 62 tu ikafika hai. Sitini na mbili! Miche ilihesabiwa mpaka wa mwisho. Babu yangu alipewa namba alipoajiriwa, ndiyo maana waliitwa manamba, na alipozikwa hakuwekewa hata kijiti.

MWANAHAWA: Pole, kaka.

HEMEDI: Ahsante. Endelea na daftari.

MWANAHAWA: Kuna la nne. Kifungua mimba wake hayupo mavani kabisa. Alizikwa nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, kule walikokuwa wakikaa kabla ya Operesheni Vijiji. 1974 waliambiwa wahamie barabarani. Alibeba vyungu, kinu, kuku. Sasa kule ni mahame, na shamba lina mwenyewe mwingine. Kila mwaka bibi humpelekea mwenye shamba salamu, anaomba ruhusa, anaingia, anachomeka kuti bichi la mnazi, anasoma Yasini, anatoka. Mwenye shamba ni kijana mwema, halimi chini ya mwembe ule.

HEMEDI: Mungu ambariki.

MWANAHAWA: Amina. Basi tulirudi nyumbani nikachukua daftari la mtoto wa jirani, nikachora. Mbuyu, njia, mikoche, nikapanga makaburi kwa hesabu yake. Yeye ananitajia na ya wengine pia, huyu mke wa fulani, alikufa kwa uzazi, mtoto wake yuko ubavuni. Ukurasa ukajaa, nikafungua mwingine. Usiku nikamsomea yote. Mara mbili alinisahihisha.

HEMEDI: Majina tusiyataje hapa.

MWANAHAWA: Sitayataja, ni ya kwao. Nitasema moja tu. Yule wa tatu, baada ya lile kaburi lililorukwa, hakuwa na jina. Alikufa siku ya tano, na jina lilikuwa lipewe siku ya saba, kwenye akika. Nikamuuliza, bibi, huyu nimwandike nani? Akanyamaza sana, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Andika alikuwa na nywele nyingi."