Mafaili makubwa yakae diski, hifadhidata ibaki na kumbukumbu zake

Karibuni. Leo tunajenga mfumo wa chuo unaopokea video za masomo, na taarifa zake tunaziweka kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Video yenyewe usiiingize kwenye jedwali. Safu ya bytea, yaani aina ya kuhifadhi baiti ghafi, mwisho wake ni gigabaiti 1 kwa thamani moja, na kabla hujafika huko seva itaelemewa, maana thamani nzima husomwa kwa mkupuo. Picha ndogo ya kilobaiti 50 haina shida, iache humo humo.

Tazama skrini. Tunaunda jedwali lenye namba, jina la asili, ukubwa na heshi ya SHA-256, yaani alama ya kutambulisha faili inayokokotolewa kutoka yaliyomo, herufi 64. Ukubwa uwe bigint, aina ya namba kubwa. Integer, aina ya namba ya kawaida, inaishia bilioni 2 na kidogo, kwa hiyo video ya gigabaiti 3 itakataliwa.

Video ikianza kuingia, iandike kipande kwa kipande kwenye folda ya muda huku ukikokotoa heshi. Jina alilotuma mtu usilitumie kwenye diski hata siku moja; akiandika ../../ anaweza kutoka nje ya folda yako. Jina la faili kwenye diski ni heshi, na herufi zake mbili za mwanzo ziwe folda. Utapata folda 256, zinatosha.

Hapa naomba utulie nami, ndipo wengi wanapoharibu. Faili kwanza, mstari wa jedwali baadaye. Fanya fsync, yaani lazimisha data iandikwe diskini kweli, lihamishe kwa rename (kubadili jina bila kunakili) kwenda folda ya kudumu iliyo kwenye diski ile ile, halafu ndiyo INSERT ya kuingiza mstari na COMMIT ya kuuthibitisha. Umeme ukikatika katikati, utabaki na faili lisilo na mwenyewe, linakula nafasi tu. Ukitanguliza mstari, mwanafunzi atabonyeza somo akute halipo. Kufuta ni kinyume: mstari uondoke kwanza. Na kabla ya kugusa faili, hakikisha hakuna mstari mwingine wenye heshi hiyo hiyo, kwani watu wawili wanaweza kupakia video moja.

Bekapu nayo ina mpangilio. Simamisha kazi ya kufuta, endesha pg_dump inayonakili hifadhidata, kisha rsync inayonakili mafaili. Kwa njia hiyo kila mstari uliomo kwenye bekapu utakuwa na faili lake.

Sasa fungua mashine tupu, rejesha vyote viwili, kokotoa heshi upya na uzilinganishe na jedwali. Fanya hivyo leo, kabla diski haijafa.